Kengele Iliyofundishwa

Kabla ya kengele ya Kefa Simiyu, kijiji cha Kiawarigi kililindwa na mikebe. Ilikuwa mikebe mitupu ya mafuta ya taa, iliyotiwa vijiwe na kuning'inizwa kwenye waya uliozunguka kijiji chote, hatua chache kabla ya handaki. Waya ukiguswa, mikebe hulia. Mikebe ikilia, homgadi, askari wa serikali wa kulinda kijiji, aliye juu ya mnara huuliza "Nani huyo?" na asipojibiwa hupiga risasi. Taabu ilikuwa kwamba mikebe ililia kwa kila kitu: upepo wa Nyandarua, kunguru anayetua, mbuzi anayejikuna. Walinzi waliizoea hata wakaacha kugeuza shingo. Kisha asubuhi moja ya ukungu mmoja wao akakumbuka kazi yake, akauliza "Nani huyo?" kama alivyoamriwa, akampiga risasi mzee Muriithi aliyetoka kumtafuta mbuzi wake. Mzee Muriithi alikuwa kiziwi. Hakuna mtu kijijini asiyelijua hilo, isipokuwa homgadi yule, aliyekuwa ameletwa juzi tu kutoka Kangari.

Ulikuwa mwaka 1955, katikati ya Hali ya Hatari. Serikali ilikuwa imewatoa watu kwenye maboma yao yaliyotapakaa juu ya matuta, ikawakusanya katika vijiji vilivyozungukwa na mahandaki yenye miti iliyochongwa ncha, ili chakula kisiwafikie wapiganaji msituni. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni kwenyewe. Kiawarigi, juu ya Gatitu, kilikuwa kijiji cha wanawake, wazee na watoto, pamoja na homgadi waliowalinda, au waliowachunga, kutegemea nani anaeleza.

Kefa alifika wiki hiyohiyo ya mazishi. Alikuwa fundi wa simu, Mluhya wa Kimilili aliyesomea kazi yake Kabete, na alikuwa ameletwa kwa lori kutengeneza laini iliyounganisha kituo cha walinzi na ofisi ya Bwana DO, mzungu mkuu wa tarafa. Habari za mzee Muriithi alisimuliwa akiwa juu ya nguzo. Kilichomkera kwanza hakikuwa kifo, ilikuwa mikebe. Chombo kinacholia kwa kila kitu hakina habari ya kutoa. Mtu alikuwa ameuawa na chombo kibovu, na kwa fundi chombo kibovu ni kitu cha kutengenezwa.

Alikuwa amesoma makala katika gazeti moja la Kiingereza lililoachwa na mhandisi kwenye karakana ya Nyeri. Makala ilieleza mashine za hesabu za Ulaya na Amerika, zile zilizoitwa ubongo wa umeme, kubwa kama nyumba, zinazomaliza kwa dakika chache hesabu ambazo karani angezifanya mwaka mzima. Lakini mwandishi alionya kwamba mashine hizo, pamoja na ukubwa wake wote, hazifanani na ubongo. Ubongo umejengwa kwa chembe ndogo zisizohesabika, na hakuna chembe hata moja inayojua hesabu. Kila chembe hupokea mishtuko kutoka kwa jirani zake. Mingine huisukuma, mingine huizuia. Jumla ikivuka kiwango fulani, chembe nayo hutoa mshtuko wake, isipovuka, hunyamaza. Na kujifunza, kwa maoni ya wataalamu wengine, si kuandika neno jipya mahali fulani kichwani, ni kule kukazwa na kulegezwa kwa viungo vilivyo kati ya chembe na chembe.

Kefa aliirudia aya hiyo mara nyingi, kwa sababu kitu cha namna hiyo alikuwa nacho kwenye sanduku lake la kazi. Rilei ya simu, ile sumaku ndogo inayovuta ulimi wa chuma umeme ukitosha, haifanyi zaidi ya hapo.

Aliomba ruhusa, akapewa. Badala ya waya mmoja alitandaza tatu: wa chini usawa wa goti, wa kati usawa wa kiuno, wa juu usawa wa bega. Alizigawa kwa pande nne za kijiji. Kila waya ulipovutwa ulifunga swichi, na kila swichi ilipeleka umeme kidogo kwenye rilei moja iliyokaa ndani ya sanduku la mbao mnarani. Kati ya swichi na rilei aliweka kifundo cha kuzungushwa: kulia kuongeza umeme unaopita, kushoto kuupunguza. Vifundo vilikaa safu nne, safu moja kwa kila upande wa kijiji. Waya mmoja peke yake haukutosha kuiamsha rilei. Upepo hutikisa wa juu, mbuzi hugusa wa chini. Mtu anayepenya hugusa wa chini na wa juu kwa pamoja, na hapo jumla huvuka kiwango, kengele ikalia.

Haikukubali siku ya kwanza. Ilimbidi aifunze. Kila kengele ilipolia bure, Kefa alishuka kuona kilichoiliza, kisha akapanda tena na kulegeza kidogo vifundo vya nyaya zilizoguswa. Iliponyamaza wakati mtu anapita, alivikaza. Mtu wa kupita alikuwa Theuri, sajenti wa homgadi, mzee wa Tetu mwenye koti refu la kijeshi na sauti ya kuchunga ng'ombe.

"Sasa fundi," Theuri alisema siku moja, akijitoa matope magotini baada ya kuvuka nyaya kwa mara ya nne, "hii sanduku yako inajuaje mimi si mbuzi?"

"Haijui, mzee. Inajumlisha tu."

"Ati haijui. Mimi niko na kichwa ya kujua, na serikali inataka nisikize sanduku."

"Kichwa yako ililala jana saa ya zamu. Sanduku haikulala."

"Haikulala kwa sababu haina bibi," Theuri akasema, na walinzi wengine wakacheka hata wakashika ngazi. "Nyinyi Wakavirondo wa Kimilili mnapenda chuma. Ngoja iote meno."

Kefa naye alicheka. Ilikuwa inaendelea vizuri. Wiki ya kwanza kengele ililia ovyo kama mikebe. Ya pili ililia mara chache. Ya tatu walinzi walianza kuinuka kila wanapoisikia, kwa maana walijua kuna kitu.

Upande mmoja tu ulimsumbua, wa magharibi. Huko mwamba ulikuwa umeyashinda majembe, handaki likawa la kina cha kiuno tu, na ukanda wa majani kati ya vibanda na nyaya ulikuwa mpana. Ndipo mbuzi wa kijiji walipochungwa alasiri, kabla ya kafyu, saa ya kila mtu kufungiwa kibandani. Aliyewachunga alikuwa Wacera, mama wa makamo ambaye mumewe alikuwa kizuizini Manyani mwaka wa pili huo. Kengele ilipolia Kefa alimkuta pale pale, ameshika mbuzi pembe, uso umejaa pole.

"Fundi, tumekuchokoza tena."

"Si wewe, mama. Ni mbuzi."

"Sasa utafanya nini? Utapiga mbuzi?"

"Nitakanya sanduku. Likikosea nalilegeza kidogo. Kesho litakuwa limekumbuka."

"Kumbe linakanywa kama mtoto," Wacera alisema. Alitaka kujua zaidi, naye Kefa, ambaye hapakuwa na mtu mwingine Kiawarigi wa kumwuliza chochote ila saa ya chakula, alimweleza habari za kiwango, za jumla, za viungo vinavyokazwa na kulegezwa. Mama yule alikuwa msikilizaji mzuri. Aliuliza maswali ya maana. Siku nyingine alimletea uji kwenye kibuyu, wakakaa juu ya mwamba, akamfundisha kusema habari za asubuhi kwa Kigikuyu bila kuwachekesha watoto. Kisha Kefa alipanda mnarani, akazungusha safu ya magharibi kushoto kidogo, na upande ule nao ukaanza kutulia.

Jumatatu ya wiki ya nne Bwana DO alikuja na Landrova yake. Alikuwa kijana mwekundu wa shingo, mwenye kuamini mashine, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashambani kwa wazungu. Alimtazama Theuri akipita pande mbili, akaisikia kengele mara mbili, akaweka mkono juu ya sanduku kama mtu anayempapasa farasi.

"Mzuri sana, Kefa. Hii hapana lala, hapana ogopa, hapana kula chakula ya watu. Sasa sikia. Ijumaa mimi narudi na bwana wengine. Kama mashine nafanya kazi sawa, basi, hapana 'nani huyo' tena. Kengele nalia, askari napiga. Hiyo maneno ya kuuliza napoteza wakati tu."

Kefa alifikiri hakusikia vizuri. "Bwana, mashine haijui ni nani."

"Lakini wewe nasema hapana danganya."

"Haidanganyi kwamba kuna mtu, Bwana. Mtu gani, haijui."

"Mtu mzuri, saa ya kafyu, iko ndani ya nyumba." Bwana DO akapanda gari. "Na wewe mimi nataandika Nairobi, wewe nakwenda kusoma zaidi. Kila kijiji nataka sanduku kama hii."

Gari likaondoka, na kuanzia saa ile Kefa hakuweza kukaa mahali pamoja. Alipanda mnara akashuka. Alikagua nyaya alizokwisha kuzikagua. Alichukua bisibisi mfukoni akairudisha. Hakuwa mtu wa kulia machozi juu ya mambo, na jambo hili alilikabili kama alivyokabili mengine, kwa kuviweka sawa vipande vyake. Wakati wa mikebe kelele zilikuwa nyingi na risasi chache, kwa sababu walinzi hawakuiamini mikebe. Kengele yake ililia mara chache, lakini ilipolia iliaminiwa. Aliitengeneza ili asife tena mtu kama Muriithi. Sasa, kwa sababu ile ile ya kuwa sahihi, ingemwondolea mtu aliye mbele ya bunduki hata lile swali moja ambalo mzee Muriithi, kwa bahati mbaya yake, hakulisikia. Kadiri sanduku lilivyofanya kazi vizuri, ndivyo kichwa cha mtu kilivyozidi kuonekana hakina kazi. Na mtu atokaye kibandani alfajiri ana sababu nyingi: mtoto mwenye homa, tumbo la kuendesha, wazimu wa kufungiwa. Sanduku lingezijumlisha zote kuwa jibu lile lile.

Jumanne alipiga simu ofisini kwa laini aliyoitengeneza kwa mikono yake, akaomba swali libaki. Bwana DO alimjibu kwamba yeye ni fundi wa simu.

Jumatano alasiri, kwa kukosa utulivu tu, aliamua kuzifuata nyaya kwa miguu kutoka mashariki hadi magharibi. Alipofika karibu na mwamba alisimama. Mbuzi watatu walikuwa wamesimama kwa miguu ya nyuma, kwato za mbele zimekanyaga waya wa kati, vinywa vimeng'ang'ania waya wa juu. Kwenye waya wa juu kulikuwa na majani ya viazi vitamu, mabichi, yamefungwa kwa kamba ya mgomba, fundo kwa fundo, kwa mpangilio.

Mnarani kengele haikulia.

Kefa aliwaacha mbuzi palepale. Alirudi, akapanda ngazi, akafungua sanduku. Hakuwa amewahi kulitazama kwa namna ile, safu zote kwa pamoja. Mashariki, kaskazini na kusini vifundo vilikuwa juu chini, vingine kulia, vingine kushoto, kama meno ya mzee. Safu ya magharibi yote ilikuwa imelazwa kushoto. Alifunga kwa vidole swichi ya waya wa chini na ya waya wa juu kwa pamoja. Kimya. Akaongeza ya kati. Kimya. Mtu mzima angeweza kupita magharibi akibeba gunia la mahindi begani kuelekea msituni, na sanduku lingemwona mbuzi.

Alikaa chini sakafuni. Lililomkereketa halikuwa kudanganywa. Ilikuwa kwamba kazi ile ilifanywa vizuri mno. Mbuzi wa kawaida hugusa waya wa chini, na kwa huyo Kefa angelegeza waya wa chini peke yake. Mtu angebaki anajulikana. Aliyewasimamisha mbuzi wale kwa miguu miwili, kila mara majani yakaliwa kabla Kefa hajafika, alikuwa ameelewa jumla ni nini. Wala si sanduku lililofundishwa. Sanduku halikuwa na mkono wa kuzungusha vifundo vyake. Aliyesikia kengele, akashuka, akaona mbuzi, akacheka, akanywa uji, akapanda na kulegeza, siku baada ya siku mpaka mkono ukazoea, alikuwa yeye.

Alimkuta Wacera akiwarudisha mbuzi kabla ya kafyu.

"Mama Wacera, haya majani yametoka wapi?"

"Shambani."

"Shamba liko ng'ambo ya handaki."

"Si tunatoka na askari kila asubuhi kuvuna? Umesahau?"

"Na mnayafunga kwenye waya wangu."

Wacera alimpiga mbuzi wa mwisho kofi la mgongoni, akamtazama akienda. Uso wake haukuwa na ile pole ya kila siku. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka. "Uliniambia likikosea unalikanya, na ukilikanya linakumbuka. Nikafikiria, basi hata mimi naweza kulikanya."

"Anayepita ni nani?"

"Unataka jina?"

Kefa alitikisa kichwa. Akijua jina ataulizwa jina. Aligundua kwamba hakutaka kujua, na kwamba kwa jambo hilo yeye na sanduku lake walikuwa kitu kimoja.

"Theuri ametutangazia," Wacera aliendelea. "Ati kuanzia Jumamosi hakuna kuulizwa. Muriithi angalau aliulizwa. Kiziwi alikuwa yeye. Sasa kiziwi ni nani?"

"Nikivikaza vile vifundo, huyo wenu atauawa."

"Na usipovikaza?"

"Bwana DO akijaribu upande huu, atajua sanduku ni bovu. Atajua mimi ni mjinga, au ni wenu."

"Na asipojaribu huku?"

"Atatoa amri yake. Sanduku litasambazwa."

Wacera alifikiri. Hakumwomba chochote, na hilo lilimsumbua kuliko angeombwa. "Wewe ndiye unajua hesabu," akasema. "Mimi nilijua mbuzi tu." Akaenda zake, kwa maana filimbi ya kafyu ilikuwa imepulizwa.

Alhamisi nzima Kefa aliipitisha mnarani. Alivikaza vifundo vya magharibi, akafunga swichi, kengele ikalia safi. Akavilegeza. Akavikaza tena. Theuri, aliyekuwa chini akinoa kisu, alipaza sauti kumwuliza kama sanduku lina homa.

"Lina wasiwasi," Kefa alijibu.

"Ni wewe uko na wasiwasi. Sanduku haina Bwana DO."

Mchana alipiga simu mara nyingine, akasema upande wa magharibi una kasoro ambayo hajaielewa vizuri, na labda jaribio liahirishwe. Ukweli wake ulikuwa nusu. Jibu lilikuwa neno moja: tengeneza. Aliliona lina haki. Kasoro ilikuwa ya kutengenezwa kwa vidole viwili, katika muda wa kuvuta pumzi. Hapo ndipo alipoona kwamba hakuna atakayempa sababu ya kutofanya hivyo. Ilimbidi aitoe mwenyewe, na mambo ya namna hiyo hakuyazoea. Jua liliposhuka alivilegeza, akafunga sanduku, akajiambia kwamba asubuhi atakuwa na shauri moja. Asubuhi hakuwa nalo.

Bwana DO alikuja Ijumaa saa kumi na mabwana wawili wa polisi. Kijiji kizima kiliamriwa kubaki vibandani. Wanawake walichungulia kwenye nyufa za kuta. Kefa, juu ya mnara kando ya sanduku, aliona vidole vyao kwenye matope. Theuri alipita mashariki, kengele ikalia. Akapita kaskazini mbio, kengele ikalia. Akarusha tawi kusini juu ya waya mmoja, kengele ikanyamaza, na mabwana wakapiga makofi kidogo, kama watu waliofurahishwa na mbwa mwerevu.

"Sasa mimi," Bwana DO akasema.

Alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, akageuka taratibu. Alitazama kusini, kulikokuwa na matope. Alitazama mashariki, ambako jaribio lilikwisha fanywa. Kisha akatazama mwamba.

"Kama mimi ni adui," alimwambia mwenzake, akizungumza Kiswahili ili walinzi nao wasikie, "mimi napita pale. Handaki kidogo."

Akatoka kwa daraja la handaki, akazunguka kwa nje. Mwendo ule ulichukua muda mrefu. Kefa alikuwa peke yake juu, kifuniko cha sanduku kiko wazi, safu ya magharibi iko usawa wa mkono wake. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Kuzungusha mara moja tu kungetosha. Alifikiri juu ya Nairobi, kwa uaminifu, akaliweka hilo upande mmoja. Akafikiri juu ya mtu asiye na jina anayepita na gunia, akagundua hana uzito wa kumpa, maana hamjui. Akafikiri juu ya asubuhi yoyote ya Jumamosi, ya Kiawarigi au Endarasha au kwingine kokote litakakopelekwa sanduku, na mlinzi ambaye hahitaji tena kufungua kinywa. Hakusikia ndani yake sauti yoyote ikimwamuru. Kitu kilijumlishwa, basi. Akaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo, mkono wa kushoto ukaushika wa kulia.

Bwana DO alishuka kwenye handaki, akapanda mwamba, akapenya kati ya nyaya. Waya wa chini ulivutika, wa juu ukanesa. Alitembea mpaka kibanda cha kwanza, akasimama, akainua uso kwenye mnara, akingojea.

Kunguru alilia mahali fulani.

"Kefa. Kengele iko wapi?"

Theuri aliyekuwa chini ya ngazi alisema kwa sauti ndogo, bila kutikisa mdomo, "Imeona Bwana ni mbuzi." Walinzi wawili waligeuka upande wa pili, mabega yakitetemeka.

Alipofika juu, shingo ya Bwana DO ilikuwa imeiva kabisa. Alifunga swichi moja moja kwa kidole chake, kama alivyoonyeshwa. Kimya. Hakuwa mtu mpumbavu. Aliona safu iliyolazwa kushoto.

"Hii kitu gani?"

"Sanduku linafuata linavyofundishwa, Bwana. Upande huu lilifundishwa vibaya."

"Nani nafundisha?"

Chini, kwenye nyufa, vidole havikusogea. Kefa aliliangalia swali lile pande zote. Lilikuwa na jibu moja lisilo na uongo ndani yake.

"Mimi, Bwana. Kila siku nilivizungusha mimi mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Nilifikiri ni mbuzi."

Mmoja wa mabwana wa polisi alicheka, na kicheko hicho, zaidi ya maelezo yoyote, ndicho kilichomaliza jambo. Bwana DO alitamka maneno kadhaa ya Kiingereza kuhusu Mwafrika na umeme. Akaamuru nyaya zivuliwe, mikebe irudishwe. Habari za Nairobi hazikutajwa tena. Amri ya kutouliza haikutolewa, kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili anayeweza kumwamuru askari apige risasi kwa neno la mkebe. Na kwa sababu alikuwa amejionea udhaifu wa magharibi kwa miguu yake, aliagiza mlinzi asimame pale mwambani mchana na usiku, mtu mwenye macho. Theuri akapewa zamu ya kuanzia alasiri hadi giza.

Kuvua nyaya kulichukua siku tatu. Siku ya kwanza Wacera alipita na mbuzi wake karibu na mwamba, akamwamkia Theuri, akimwita kwa jina la ukoo wa mama aliyemzaa. Theuri alitazama msitu. Kefa, akikunja waya, hakutazamwa wala kusemeshwa na mama yule, na alielewa kuwa hiyo ndiyo heshima aliyoweza kupewa. Siku ya pili Wacera alimwuliza Theuri kama yule dada yake wa Karatina ameshajifungua. Theuri alimwambia aende na mbuzi wake. Hakusema kwa ukali sana.

Siku ya tatu lori lilikuwa limeshawashwa, sanduku limefungwa turubai nyuma, Kefa ameketi kando ya dereva. Kwenye kioo cha pembeni aliona mbuzi wakifika kwenye mwamba, na Wacera nyuma yao, akisimama muda mrefu kidogo kuliko siku zilizotangulia. Hakusikia alichouliza.

"Mtoto wa kiume," Theuri alijibu, kwa ile sauti yake ya kuchunga ng'ombe. Bunduki ilikuwa mikononi mwake bado, mtutu umeelekea chini.

Lori likashika njia ya Gatitu kabla Kefa hajajua kama hilo lilitosha kumlegeza mlinzi.